Mwezi Usio na Mwenyewe

Kitu cha kwanza alichokiona Cailian kilikuwa vitunguu saumu. Mama mkwe wake alikaa kwenye kigoda mlangoni akimenya, na ndani ya bakuli mlikuwa na maganda matupu. Punje zenyewe alizitupa kwenye ndoo ya takataka, moja moja, kwa utulivu wa mtu aliyeifanya kazi hiyo tangu usichana. Cailian alingoja bibi ainuke, akazitoa punje ndooni, akaziosha, akazipika. Hakumwambia mtu. Ulikuwa mwezi wa Baozhu, mume wake, na jambo linalotokea katika mwezi wako ni lako.

Ndivyo ilivyokuwa katika ukoo wa Qiao na katika nyumba nyingi za kijiji kile cha Henan. Bi Geng alikuwa na wana wawili na hakuwa na nyumba. Mwezi wa kwanza, wa tatu na wa tano alikaa kwa Laiwang, mkubwa. Mwezi wa pili, wa nne na wa sita alikaa kwa Baozhu, mdogo. Waliihesabu kwa kalenda ya zamani, ile ya kuandama kwa mwezi. Kila mwezi ulipokwisha Bi Geng alifunga furushi lake na kuhamia upande wa pili wa kijiji. Baozhu mwenyewe alikuwa Tianjin akijenga maghorofa, hivyo zamu ya Baozhu ilikuwa zamu ya Cailian.

Miaka miwili baada ya vitunguu, mambo hayakuwa tena ya ndoo. Bi Geng aliita ng'ombe waliokufa zamani. Aliwasha gesi akaondoka. Na mwaka huo kalenda ya zamani ilirudia mwezi, kama inavyofanya kila baada ya miaka michache ili isipishane na majira. Mwezi uliorudiwa ulikuwa wa sita.

Siku ya mwisho ya mwezi wa sita wa kwanza, Cailian alimpandisha mama mkwe nyuma ya guta la betri, akampakatisha furushi lake.

“Tunakwenda kwa nani?” Bi Geng aliuliza.

“Kwa Laiwang, Mama.”

“Usimpe sukari. Ana meno mabovu.”

“Simpi, Mama.”

“Na wewe ni binti wa nani?”

“Mimi ni Cailian. Mke wa Baozhu.”

“Baozhu ameoa?” Bi Geng alicheka mpaka akashika ubavu. “Nani kamkubali?”

Geti la Laiwang lilikuwa limefungwa kwa ndani. Cailian aligonga. Baada ya muda ilisikika sauti ya Fengying, mke wa Laiwang, karibu kabisa na geti, kana kwamba alikuwa amesimama hapo muda wote.

“Nani?”

“Ni mimi, dada. Nimemleta Mama.”

“Umemleta wapi? Mwezi wa sita ni wenu.”

“Umekwisha leo.”

“Umekwisha wa kwanza. Kesho unaanza wa sita mwingine. Sita ni sita, Cailian. Au huko kwenu milimani sita ya pili mnaiita saba?”

Upande wa pili wa njia, majirani waliokuwa wakicheza karata kivulini waliziweka karata chini.

“Hapo ana hoja,” mmoja alisema. “Sita ni sita.”

“Hoja gani? Zamu ni zamu. Huyu binti amemaliza yake.”

“Wewe una mama? Nyamaza basi.”

Walibishana hivyo kama watu wanaoamua shauri la mbuzi. Bi Geng aliteremka mwenyewe kwenye guta, akaliweka furushi mbele ya geti, akalikalia, akakunja mikono. Alikuwa amezoea kungoja. Kisha chini yake vumbi likaanza kulowa, doa likatambaa taratibu mpaka kwenye miguu yake. Wacheza karata waligeuza nyuso zao wote kwa pamoja.

Geti lilifunguka upana wa mkono. Suruali safi ilitupwa nje, geti likafungwa tena.

“Mwezi wa tano alinimwagia maji ya moto,” Fengying alisema, na sasa sauti yake ilitetemeka. “Mkono wangu hadi leo haukunjiki. Niache nipumzike, Cailian. Siku hizi tu ambazo si zangu.”

Cailian alimfunika mama mkwe kwa mwavuli, akambadilisha pale pale njiani, akamrudisha nyumbani.

*

Waliitana siku iliyofuata kwa Laiwang. Guiyan, binti wa Bi Geng, alifika kwa basi kutoka kwa mumewe, wilaya ya jirani, amebeba boksi la viatu. Katika mwezi wa nyongeza binti aliyeolewa humletea mama yake viatu vipya, ili apite salama mwaka ule mrefu. Baozhu alikuwa kwenye simu, iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai, kofia ya ujenzi kichwani.

Bi Geng alikaa kati yao akila tikiti. Hakuna aliyeshusha sauti kwa ajili yake.

“Juzi dereva wa lori alimkuta katikati ya barabara kuu,” Laiwang alisema. “Anafagia. Ana fagio lake, anafagia lami. Angekufa hapo, tungesemaje?”

“Alikuwa kwa nani?” Baozhu aliuliza kwenye simu.

“Kwako.”

Cailian aliangalia vidole vyake. Siku hiyo alikuwa bafuni anamwogesha mtoto; aliacha mlango wazi kwa sababu ya joto.

“Huu mwezi hauna mwenyewe,” Laiwang aliendelea. “Si wangu, na Cailian amechoka, namwona. Tumpeleke kwenye makao ya wazee. Mwezi huu mmoja tu. Mwezi wa saba, tarehe mosi, nakwenda kumchukua mimi mwenyewe. Zamu yangu ni zamu yangu, sijawahi kuikimbia.”

“Mwezi mmoja tu?” Guiyan aliuliza.

“Nimesema.”

Fengying aliinua macho kwa mumewe, akayashusha upesi. Cailian aliyaona macho yale. Alitaka kuuliza, lakini katika mikutano ya ukoo ule yeye alikuwa mtu wa kumimina chai. Akamimina chai.

*

Makao ya kwanza waliyoyatazama yalikuwa mjini, wilayani. Walimchukua Bi Geng pia, kwa sababu hakukuwa na wa kumwachia. Walimwambia wanakwenda kupima macho.

Palikuwa pazuri. Ukumbi ulijengwa kwa mviringo, ili mtu anayependa kutembea atembee bila kufika ukutani na kuanza kulia. Kila mlango ulikuwa na picha ya mwenye chumba akiwa kijana. Bibi mmoja alibembeleza mwanasesere, na mhudumu alipita akamuuliza kama mtoto amelala. Lango la kutokea lilipakwa rangi ya ukuta, huwezi kuliona usipoonyeshwa.

Msimamizi, mwanamke wa makamo aliyekaa chini kwenye kigoda ili awe usawa mmoja na Bi Geng, alimshika mkono.

“Bibi, una watoto wangapi?”

“Watatu,” alisema Bi Geng. “Wawili wangu, na mmoja wa watu.”

“Wa watu ni yupi?”

Bi Geng aliangaza macho, yakamfikia Guiyan, yakapita. “Alishaolewa. Hayupo.”

Guiyan alitoa kitambaa, akapangusa boksi la viatu ambalo halikuwa na vumbi.

Ilipofika habari ya malipo, msimamizi hakuzunguka. Ilikuwa yuani elfu tano kwa mwezi, na amana ya miezi mitatu kabla ya kuingia. “Hatuchukui mtu kwa mwezi mmoja,” alisema. “Si kwa sababu ya fedha. Mgonjwa wa namna hii huchukua wiki nyingi kuzizoea sura zetu. Mkimtoa hapo, mnamvunja mara mbili. Mama yenu amekuwa akihamahama?”

Guiyan alimtazama kaka yake.

“Kila mwezi,” Cailian alisema. Sauti ilitoka ndogo, mpaka msimamizi akainama kuisikia. Laiwang alikohoa.

Nje, kwenye ngazi, Guiyan aliwasimamisha. Uso wake ulikuwa umepata damu. “Hapa. Kaka, ni hapa. Umeona alivyotulia? Ile amana tugawane watatu. Theluthi yangu ninayo, sikopi kwa mtu.”

“Theluthi yako ya nini?”

“Ya Mama.”

“Guiyan, wewe ni mtu wa ukoo wa Niu sasa. Watu watasemaje? Akina Qiao wana wanaume wawili wazima, na mama yao analishwa na binti aliyeolewa? Nitapita wapi pale kijijini?”

“Utapita njia ile ile unayopita siku zote, miguu yako haijui.”

“Mimi natania?”

“Basi tuseme ninyi ndio mmelipa zote. Nani atajua?”

“Mimi nitajua.”

Akampigia ndugu yake. Baozhu alisikiliza huku nyuma yake nondo zikigongwa. Yeye na Laiwang hawakuwa wamekubaliana jambo lolote tangu walipogawana mashamba, lakini siku ile walikubaliana mara moja. “Kaka ana haki,” Baozhu alisema. “Fedha za dada hapana. Leta viatu, dada. Viatu ni haki yako.”

“Viatu,” Guiyan alisema.

“Halafu ni mwezi mmoja,” Laiwang akaongeza, sasa kwa upole, kwa sababu alikuwa ameshinda. “Amana ya miezi mitatu kwa mwezi mmoja? Hata wewe, Guiyan, fikiri.”

“Nikimchukua kwangu?”

“Akifia kwenye nyumba ya mkwe wake? Na mama wa mumeo utamhamishia chumba gani?”

Guiyan aliketi kwenye ngazi. Bi Geng aliyekuwa amesimama kando, ameshikwa mkono na Cailian, alimtazama kwa huruma.

“Mpeni maji huyo,” alisema. “Huenda ana mimba.”

*

Wakampeleka kwenye makao ya tarafani. Zamani lilikuwa ghala la nafaka. Madirisha yalikuwa juu sana, karibu na paa, kwa sababu mtama hauhitaji kuona nje. Mwenye makao, Kou, aliwahi kuwa fundi wa matrekta, mtu mchangamfu mwenye mikono mizito. Kwa siku zote za mwezi ule bei yake haikufika hata theluthi ya kule mjini, na hakutaka amana.

“Mnaleta mnapotaka, mnachukua mnapotaka,” alisema. “Mimi sina makuu.”

Ndani, wazee walikaa kwenye viti vya mbao vilivyopangwa ukutani, ubao mbele ya kila mmoja kama viti vya watoto. Kiunoni walizungushiwa kitambaa cha shuka.

“Mnawafunga?” Guiyan aliuliza.

“Hatuwafungi, dada. Tunawashikilia. Nina wahudumu wawili na wazee hawa wote. Mmoja akianguka akivunjika nyonga, mtamlaumu nani? Mimi.” Alimgeukia Laiwang, mwanamume kwa mwanamume. “Anatembea?”

“Sana.”

“Basi viatu tunaviweka ofisini. Asiye na viatu hafiki mbali. Akivaa kandambili za plastiki, tutamsikia.”

Guiyan alikuwa tayari amepiga magoti, anamvisha mama yake viatu vipya vya kitambaa, vyeusi, soli nyeupe iliyoshonwa kwa mkono. Bi Geng aliinua mguu mmoja, kisha mwingine, kwa adabu, kama mtu anayehudumiwa na mgeni dukani. Alitembea hatua chache huku na huku.

“Havibani,” alisema. “Vya nani?”

“Vyako, Mama. Vya mwezi wa nyongeza.”

“Binti yangu alininunulia kama hivi.”

“Ndiye mimi, Mama.”

“Hapana,” alisema Bi Geng kwa upole. “Yeye alikuwa mwembamba.”

Mhudumu alikuja na kandambili za bluu. Alivivua viatu vipya, akavitia kwenye mfuko wa nailoni, akaandika jina kwa kalamu nene, akavipeleka ofisini. Guiyan alibaki amepiga magoti hapo sakafuni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na Laiwang akatoka nje kuvuta sigara.

Cailian alimfungulia mama mkwe furushi. Alipanga nguo kwenye kabati la chuma lisilofunga, akamwonyesha kitanda. Bi Geng alikikagua, akabonyeza godoro.

“Hapa ni kwa nani?”

Wote wawili, Guiyan na Kou, wakajibu pamoja. “Ni hospitali ya macho,” alisema Guiyan. “Ni hoteli, bibi,” alisema Kou. Wakatazamana.

“Laiwang atakuja kukuchukua,” Guiyan akasema. “Mwezi ukiisha.”

“Najua,” Bi Geng alisema. “Mwezi ukiisha, huja.”

Nyumbani Cailian alilala siku nzima. Alipoamka, mtoto wake alikuwa amekaa mlangoni anachora, na nyumba ilikuwa kimya kiasi kwamba aliisikia friji. Alifunga gesi, ingawa hakuna aliyekuwa ameifungua.

*

Mwezi wa saba tarehe mosi, Cailian alikwenda tarafani kwa guta. Hakuwa ametumwa. Alijiambia anakwenda kuhakikisha kwamba Mama hayupo, kwamba kitanda ni kitupu, kisha arudi.

Alimwona tangu mlangoni. Walikuwa wamemtoa kwenye kiti chenye ubao, na Bi Geng alikuwa amekaa wima kwenye benchi lililoelekea geti, furushi limefungwa vizuri mapajani, kitambaa kichwani. Nywele alikuwa amezichana kwa maji. Alikuwa amepungua, shingo yake ilicheza ndani ya kola. Kwenye vifundo vya mikono ngozi ilikuwa na rangi ya biringani.

“Amefunga mzigo tangu alfajiri,” mhudumu alisema, mwanamke mnene aliyekuwa akivuja jasho. “Sijui alijuaje tarehe. Jina lake hakumbuki, lakini mwisho wa mwezi anaujua. Nimemwambia mwanao yuko njiani. Yuko njiani, sivyo?”

Cailian alitoka nje, akampigia shemeji yake. Simu iliita, ikakatwa, kisha Laiwang akapiga mwenyewe. Kulikuwa na kelele za malori.

“Niko sokoni, napakia,” alisema. “Leo haiwezekani.”

“Kesho, shemeji?”

“Cailian.” Akashusha sauti. “Fengying anasema Mama akirudi, yeye anaondoka. Ameshafungasha. Unataka nifanyeje? Kou nimemlipa mpaka mwaka mpya.”

“Umemlipa lini?”

“Mwambie Mama nakuja wiki ijayo,” alisema. “Mwambie hivyo tu, hatakumbuka.” Akakata.

Guta lilikuwa limesimama juani, betri imejaa, nyuma kuna turubai na mto wa kukalia ambao Cailian hakukumbuka kuuweka. Kutoka hapo hadi nyumbani hapakuwa mbali. Angeweza kumpandisha na kuondoka. Kou asingemzuia, alishasema mnachukua mnapotaka. Lakini mwanamke atakayemtoa Bi Geng kwenye lile ghala hatakuwa na geti la kugonga mwisho wa mwezi. Wa saba ungekuwa wake, na wa nane, na kila mwezi mpaka mazishi, yeye na mtoto wa miaka minne na mlango wa bafuni ulio wazi, na barabara kuu, na Baozhu kwenye simu. Alisimama akiuangalia ule mto mpaka kiti cha guta kikawa cha moto asiweze kukishika.

Akarudi ndani. Bi Geng alimwona, akaanza kuinuka, furushi kifuani. Kandambili za bluu zililia sakafuni.

“Wewe ndiye wa mwezi huu?” aliuliza.

“Kaa, Mama.”

“Nikae nini, jua linapanda. Unakaa mbali?”

Mhudumu alikuwa akimlisha mzee mwingine uji wa mahindi. Alisema bila kugeuka, kwa sauti ile ya wimbo aliyoitumia siku nzima, “Mwanao yuko njiani, bibi, subiri kidogo, yuko njiani.”

“Husema hivyo,” Bi Geng alimnong'oneza Cailian. “Yule anasema hivyo tangu jana. Je, ni kweli?”

Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kumwambia ukweli. Kwa Laiwang walimwambia macho, kwa Kou walimwambia hoteli, Guiyan alimwambia mwezi ukiisha, na Cailian mwenyewe, kila alipoulizwa, alisema sawa, Mama. Aliketi karibu naye kwenye benchi. Alilichukua furushi, akaanza kulegeza fundo, ambalo lilikuwa limekazwa sana.

“Si kweli, Mama,” alisema. Sauti yake ilikuwa kubwa kuliko alivyokusudia, na mhudumu akaacha kijiko hewani. “Hakuna anayekuja. Laiwang haji, Baozhu haji. Na mimi sikuja kukuchukua.”